Robert Hooke, fundi wa resori aliyedai mushahara wake mpaka uzee

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama munaongojea ku nyumba mpaka zamu inabadilika, leo tunasimulia maisha ya mutu mumoja ambaye hakuchimba shaba hata siku moja, lakini kazi yake inatubeba kila siku.

Mutu yeyote aliyeshuka ndani ya kaji anajua jambo hili. Kaji ikiwa chini kabisa ya shimo, watu wakiingia, inashuka kidogo, inarudi juu, inacheza mara mbili ao tatu, kisha inatulia. Ikiwa juu, karibu na mulango wa shimo, watu wakiingia haichezi vile. Kabuli ni ileile, watu ni walewale. Tofauti iko wapi? Tofauti ni urefu. Kabuli ni chuma, lakini hata chuma kinarefuka kikivutwa. Kabuli ya metre 800 ikibebeshwa muzigo inarefuka mara mbili kuliko kabuli ya metre 400 yenye unene uleule na muzigo uleule. Kwa hiyo inakuwa kama resori laini, na resori laini inacheza.

Mutu aliyepima jambo hilo wa kwanza na kulitia katika kitabu alikuwa Muingereza. Jina lake Robert Hooke.

Mutoto mugonjwa mwenye mikono ya fundi

Hooke alizaliwa tarehe 18 Mwezi wa 7, 1635, ku Freshwater, katika kisiwa cha Wight, kusini ya Uingereza. Baba yake alikuwa mutumishi wa kanisa, mutu wa mapato kidogo. Mutoto alikuwa mugonjwa-mugonjwa, kichwa kinamuuma kila mara, na wazazi hawakumutuma ku masomo kama wengine. Basi akabaki ku nyumba, akaanza kuangalia vitu. Siku moja aliona saa ya shaba imefunguliwa vipande-vipande. Akaenda kutengeneza ya kwake kwa mbao, na ikatembea. Akatengeneza tena meli ndogo yenye kamba zake na bunduki zake ndogo. Tunawajua watoto wa namna hiyo. Hata huku kwetu wako, wale wanaotengeneza kamyo kwa waya na makopo, na usukani wake unageuka kweli.

Mwaka wa 1648 baba yake alikufa. Hooke alikuwa na miaka 13. Alipewa urizi kidogo, akaenda London. Kwanza alitiwa kwa muchoraji mukubwa, Peter Lely, ili ajifunze kupaka rangi, lakini harufu ya rangi ilimuumiza kichwa. Akaingia masomo ya Westminster, kwa mwalimu Richard Busby, na pale akili yake ikaonekana. Kisha akaenda ku iniversite ya Oxford. Hakuwa na franga ya kulipa. Alipata nafasi kwa kuimba kanisani na kwa kumutumikia mwanafunzi mwenye mali. Musidharau jambo hilo. Wengi wetu tumesoma vile, unafagia kwa mujomba asubuhi ili mangaribi upate taa ya kusomea.

Pale Oxford alikamatwa kazi na bwana mumoja tajiri aliyependa sayansi, Robert Boyle. Boyle alitaka pompi ya kuvuta hewa ndani ya chupa kubwa. Mafundi wengine hawakuweza kuitengeneza vizuri. Hooke akaitengeneza, mwaka wa 1659. Kwa pompi ile Boyle akaandika sheria ya hewa, na watoto wetu mpaka leo wanaisoma kwa jina la Boyle. Jina la fundi wa pompi, wengi hawalijui.

Kazi mingi, mushahara wa maneno

Mwaka wa 1662, chama cha wataalamu wa London kinachoitwa Royal Society kilimuchagua Hooke awe musimamizi wa majaribio. Kazi ilikuwa hivi: kila mara wanapokutana, yeye alete majaribio matatu ao mane, yenye kutayarishwa, yenye kuonyeshwa mbele ya wakubwa. Na mushahara? Waliandika kwamba hatapata kitu mpaka chama kipate mali. Ndiyo, wandugu. Tangu wakati ule watu walijua kuandika kontra ya namna hiyo.

Mwaka wa 1664 walipanga kumulipa paundi 80 kwa mwaka. Lakini muangalie vizuri hesabu. Paundi 30 zilitoka kwa chama. Paundi 50 ziliahidiwa na tajiri mumoja wa biashara, Sir John Cutler, ili Hooke afundishe juu ya ufundi na kazi za mikono. Hooke alifundisha. Cutler, yeye, alianza kuchelewesha, kisha akaacha kabisa kulipa. Na chama chenyewe mara mingi kilikuwa na deni kwake. Tutarudia jambo hili mbele, juu halikuishia pale.

Katika ile miaka alifanya kazi ya watu kumi. Mwaka wa 1665 alitoa kitabu kikubwa, Micrographia, chenye picha za kiroboto, chawa na macho ya inzi, vitu vyote vimeangaliwa kwa kioo cha kukuza. Alikata kipande chembamba cha kifuniko cha chupa, akaona ndani yake vyumba vidogo-vidogo, na jina alilovipa vile vyumba njo lile ambalo madaktari wa Ulaya wanatumia mpaka leo kwa chembe za mwili. Mwaka wa 1667 alionyesha kwamba imbwa anaweza kubaki hai hata mapafu yake yasipojisukuma yenyewe, ikiwa unampulizia hewa safi na mufuo. Maana yake, kinacholinda uzima ni hewa mupya. Sisi wa chini ya udongo tunaposumbua wakubwa juu ya vantilateri, hatusemi kitu kingine. Na mwaka wa 1671 aliingia yeye mwenyewe ndani ya pipa, akaacha wapunguze hewa, mpaka masikio yakamuuma. Hakutuma kibarua aingie mahali pake.

Mwezi wa 9, 1666, moto uliunguza London siku ine. Nyumba zaidi ya 13.000 ziliteketea. Hooke aliwekwa kati ya wapimaji wa muji. Alitembea katika majivu na kamba na vijiti, akipima barabara na misingi, akiamua ukuta wa jirani unaishia wapi. Kazi ile ilimulipa vizuri, kuliko sayansi. Pamoja na rafiki yake Christopher Wren alijenga nguzo ya kukumbuka moto ule, urefu wake metre 61, na bado inasimama.

Waya, musumari na sahani ya mizani

Sasa tufike ku resori.

Hooke aliitafuta sheria ya resori juu ya saa. Wakati ule saa ya kubeba mufukoni ilikuwa inadanganya kila siku. Yeye aliwaza kwamba ukitia resori ndogo ku gurudumu la saa, itakwenda na kurudi kwa wakati sawa. Mwaka wa 1675 Muholanzi Christiaan Huygens alitangaza saa ya resori. Hooke alikasirika sana, akasema yeye alikwisha kuigundua miaka mingi mbele. Pamoja na fundi wa saa Thomas Tompion akatengeneza moja kwa ajili ya mufalme. Lakini hakuwa ametangaza kazi yake kwa maandishi wakati unaofaa, na kesi ya namna hiyo, bila karatasi, ni ngumu kushinda.

Juu ya woga wa kuibiwa tena, mwaka wa 1676 aliandika sheria yake ya resori kwa njia ya ajabu: alikamata herufi za maneno, akazipanga kufuatana na abesede, bila maana. Hakuna mutu angeweza kuelewa, lakini tarehe ilibaki kama ushuhuda. Mwaka wa 1678 akafungua fumbo katika kitabu, akaeleza yote.

Sheria yenyewe ni fupi. Resori inarefuka kwa kipimo cha nguvu inayoivuta. Nguvu moja, urefu mumoja. Nguvu mbili, urefu mbili. Tusemeje kwa mufano wetu: kama kilo 10 zinashusha resori sentimetre 1, kilo 20 zitaishusha sentimetre 2, na kilo 30 sentimetre 3. Ukitosha muzigo, inarudi mahali pake.

Namna alivyojaribu, hata mutoto wa garage anaweza kurudilia. Alizungusha waya mpaka ikawa resori, akaitundika, akafunga sahani ya mizani chini yake, akaongeza uzito mumoja-mumoja na kupima. Kisha akafanya jambo la maana zaidi. Alikamata waya ya kunyooka, bila kuizungusha, yenye urefu wa futi 20, 30 ao 40, ndiyo kusema mpaka metre 12 hivi. Akaifunga juu ku musumari, akatundika uzito chini. Ile waya pia ilifuata sheria ileile. Kumbe si resori tu iliyo resori! Waya ni resori. Ubao ni resori. Nguzo ya chuma ni resori, hata kama jicho halioni. Njo maana kabuli ya kaji yetu inacheza.

Lakini sheria iko na mupaka. Ukivuta kupita kiasi, chuma hakirudi tena. Kinabaki kirefu, ao kinabaki kimebonyea, na siku moja kinakatika. Mafundi wetu wanajua resori iliyochoka: bado iko pale, bado inaonekana nzima, lakini haibebi.

Deni linalipwa, mutu anabaki peke yake

Miaka ya nyuma ya Hooke haikuwa mizuri. Isaac Newton alipotayarisha kitabu chake kikubwa juu ya nguvu inayovuta sayari, kwenye mwaka wa 1686, Hooke alisema kwamba sehemu ya wazo ilitoka ku barua zake. Newton alikataa, na tangu pale hawakupatana. Mutoto wa ndugu yake, Grace, aliyekaa naye, alikufa mwaka wa 1687. Macho yake yakapunguka, miguu ikavimba.

Lakini juu ya mushahara wake hakuacha. Alimushitaki Cutler ku tribunali. Cutler alikufa mwaka wa 1693, kesi ikaendelea na warizi wake. Tarehe 18 Mwezi wa 7, 1696, waamuzi walikata kwamba Hooke alipwe. Ilikuwa siku ya kuzaliwa kwake, alikuwa anatimiza miaka 61. Tangu ahadi ile miaka 32 ilikuwa imepita. Wale wanaosema kwamba deni la mufanyakazi linakufa likizeeka, wafikiri juu ya tarehe hiyo.

Alikufa tarehe 3 Mwezi wa 3, 1703, katika chumba chake cha Gresham College. Aliishi kama masikini, lakini katika sanduku lake walikuta maelfu ya paundi. Mwaka uleule Newton akawa mukubwa wa Royal Society. Leo hakuna picha ya Hooke ambayo watu wote wanakubali kwamba ni yeye. Mifupa yake ilihamishwa na haijulikani iko wapi. Hata kile kiungo cha chuma kinachozungusha magurudumu ya nyuma ya kamyo, Waingereza wanakiita kwa jina la Hooke, juu yeye alieleza namna kinavyozunguka. Lakini sisi, kufuatana na Kifransa, tunakiita kardani, jina la Muitalia Cardano. Kwa hiyo mumekwisha kupaka grisi ku kazi ya Hooke mara mingi bila kumutaja.

Hooke ndani ya ordinatere

Kwa nini ninaandika hii katika gazeti la wachimbaji? Juu Hooke amerudi, na amerudi ndani ya biro za maenjenieri.

Leo kabla ya kujenga mashini ao kubadilisha nguzo, enjenieri anaichora ndani ya ordinatere. Programu inakata ile picha vipande vidogo, elfu na elfu. Njia hiyo inaitwa elema fini, na ilikomaa kwenye miaka ya 1950 kule Marekani, kwa watu waliopima mabawa ya ndege. Kila kipande kidogo kinafuata sheria ya Hooke, ni kama resori ndogo iliyofungwa ku jirani yake. Programu inasukuma yote, inahesabu, na inaonyesha rangi: buluu mahali chuma kinapumzika, nyekundu mahali kinateseka.

Resori za kweli, kama zile za chini ya mashini, mara mingi hazichorwi kabisa. Enjenieri anakamata nukta mbili, anatia resori ya hesabu katikati, na anaandika namba moja tu: nguvu ngapi kwa urefu mumoja. Pembeni anatia amotisere, nayo na namba yake. Musichanganye hizo mbili. Resori inauliza: umenisukuma umbali gani? Amotisere inauliza: umenisukuma kwa mbio gani? Ukiisukuma polepole, amotisere haikatai. Ukiipiga kwa mbio, inakataa sana. Resori inarudisha nguvu uliyoitia, amotisere inaila na kuigeuza joto. Njo maana amotisere ya kamyo iliyotoka barabara mbaya, ukiigusa, iko moto.

Hesabu inaweza kukosewa kwa njia nyepesi. Mutu anaandika namba ya milimetre mahali pa metre, resori inakuwa ngumu ao laini mara elfu. Anaweka resori mbili moja juu ya ingine akifikiri ugumu unaongezeka, kumbe ugumu unagawanyika mara mbili, unaongezeka tu zikikaa pembeni-pembeni. Anatia resori inayosukuma na kuvuta, kumbe ku kazi ni kipande cha mpira kinachosukuma tu. Anasahau amotisere, na mutetemeko hauishi. Na kubwa kuliko yote: resori ya hesabu haichoki. Ukiiandikia namba nzuri leo, itabaki nzuri hata mwaka kesho.

Krible yetu

Nilikwisha kuona jambo hilo kwa macho. Miaka imepita, sitaji mahali wala kampuni. Tulikuwa na krible, kile kichungio kikubwa kinachotetemesha mawe, kimesimama juu ya resori ku pembe ine. Ilianza kutetemeka kwa ubavu. Muzee mumoja wa mekanike alikamata metre na chaki, akapima urefu wa resori za kila pembe mashini ikiwa imesimama. Pembe tatu zilikuwa sawa. Ya ine ilikuwa imeshuka vidole viwili. Akasema ku mukubwa wake. Mukubwa akajibu kwamba enjenieri alikwisha kuhesabu, ordinatere imeonyesha buluu pahali pote.

Wiki tatu nyuma, usiku, muguu wa chuma wa krible ulipasuka. Ndugu mumoja alivunjika paja. Katika ripoti waliandika kwamba ni uzembe wa mufanyakazi.

Sisi wa sendika tuliomba kitu kimoja tu: vipimo vya muzee vitiwe ndani ya ordinatere. Enjenieri, nitasema ukweli, alikuwa kijana mwenye haya, hakukataa. Alikuwa ameandika resori ine sawasawa, kama zilivyo katika kitabu cha fabrika. Akabadilisha moja, akaifanya fupi kama ilivyokuwa kweli. Pembe ile ikaacha kubeba, muzigo ukahamia ku zingine, krible ikajipinda, na rangi nyekundu ikatokea karibu sana na mahali palipopasuka. Hakuna mutu aliyesema neno katika ile biro.

Neno la uzembe lilitolewa ku ripoti. Franga za matibabu zilichelewa sana, na tulisumbua mingi. Lakini zilikuja, juu muzee alikuwa ameandika vipimo vyake na tarehe katika kayé ya mutoto wake wa masomo.

Njo hapo ninamufikiria Hooke. Kuhusu saa, alijua lakini hakutangaza, na akapoteza. Kuhusu resori, aliandika, hata kwa herufi zilizochanganywa, na sheria ikabaki yake. Kuhusu mushahara, alidai miaka mingi na karatasi ku mukono, na akalipwa.

Basi wandugu, maenjenieri wanaokuja na ordinatere si maadui zetu. Wanahitaji namba, na namba ya kweli iko ku mashini, kwa mutu anayeigusa kila siku. Mukiona resori imeshuka, amotisere inavuja, kabuli inacheza kuliko jana, mukamate metre. Mupime, muandike tarehe, mutie sahihi watu wawili, karatasi moja ibaki kwa mukubwa na ingine kwa delege wenu. Na ninyi wamama, kayé ikiletwa ku nyumba, musiwashie nayo mbabula.